Samaki Mwenye Mabawa

Leo twataka kuwasimulia kosa letu. Kwa padri tulikwisha kulipeleka, naye akatupa kitubio. Lakini twaliandika hapa pia, kwa sababu twadhani wazazi wengi na walimu wengi wamelitenda kama sisi, nao hawajui kwamba ni kosa.

Jumamosi moja tulikuwa na watoto wa mafundisho, wale wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Tulikuwa tumewafundisha habari za kuumbwa kwa ulimwengu, siku moja baada ya nyingine, tukafika siku ya tano, ambayo Mungu aliumba samaki wa majini na ndege wa angani. Tukagawa karatasi, tukaweka mezani kalamu za rangi tulizopewa na mfadhili mmoja wa parokia, tukasema: "Kila mtu achore kazi ya Mungu ya siku ya tano." Ukutani tulikuwa tumetundika picha kubwa ya zamani, ya karatasi nene, iliyoletwa na mapadri kutoka Ulaya. Humo samaki ni wa kijivu, ndege ni weupe, maji yako chini na mbingu ziko juu.

Watoto wengi walitazama ukutani, wakachora. Lakini mmoja, kijana wa miaka tisa, aliugeuzia ukuta mgongo. Tulipopita kwake tulikuta mto mwekundu kama shaba inayotoka motoni. Katikati ya mto palikuwa samaki mmoja tu, mkubwa hata kuijaza karatasi, nusu wa buluu na nusu wa manjano, mwenye madoa mwili mzima kama kanga. Naye alikuwa na mabawa manne yaliyokunjuliwa. Miti ilikuwa imeota kichwa chini, mizizi ikielekea juu. Na tumboni mwa samaki walikaa ndege wadogo watatu, kama walio katika kiota. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wakicheka kwa furaha.

Ndugu msomaji, ungalifanya nini? Sisi tulifanya hivi. Tuliiinua ile karatasi juu mbele ya wote, tukauliza: "Nani amekwisha kuona samaki mwenye mabawa?" Watoto wakacheka, lakini sasa kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Tukachukua kalamu nyekundu, tukayakata yale mabawa kwa mistari miwili mirefu. Tukamwambia: "Mwanangu, dini si hadithi za sungura. Mungu hakuumba uongo. Tazama picha ya ukutani, uchore kama ile." Mtoto akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akaketi.

Jumamosi iliyofuata alileta karatasi mpya. Samaki alikuwa wa kijivu, ndege alikuwa mweupe, kila kitu kilikuwa mahali pake. Tulimsifu mbele ya wote. Alizipokea sifa zetu kama mtu anayerudishiwa fedha zake dukani, hakutabasamu.

Tangu siku ile hakuchora tena. Tulipogawa karatasi, aliikunja yake mara mbili, akaificha chini ya daftari. Tena hakuuliza neno. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akituuliza maswali ya kutushinda: Malaika hulala wapi? Yule mbwa aliyefuatana na Tobia safarini, jina lake nani? Sasa aliijibu katekisimu neno kwa neno, bila kosa hata moja, kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji.

Baada ya majuma matatu mama yake alikuja kwetu. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema: "Mwalimu, sikuja kukugombeza. Nataka kujua tu, mtoto wangu alifanya nini? Nyumbani alikuwa akichora ukutani kwa makaa, nami nilikuwa nikimpiga kwa ajili ya ukuta. Sasa ukuta wangu ni safi, nami sifurahi."

Hatukuwa na jibu. Tulimsindikiza mpaka njiani, kisha tukaenda kwa padri.

Padri wetu ni mzee, na ni mtu wa vitabu. Alitusikiliza mpaka mwisho, asiseme neno. Kisha akainuka, akatoa kabatini kitabu kikubwa cha picha, akakifungua mbele yetu, akauliza: "Mwalimu, hapa ungalikata wapi?"

Zilikuwa picha za Pilipili Mulongoy. Jina lake tulikuwa tumelisikia mjini, kama mtu asikiavyo jina la njia, lakini kazi yake hatukuwa tumeitazama hata siku moja kwa moyo uliotulia. Tuliona samaki, mamba, nyoka, na ndege waliowafunika watoto wao kwa mabawa. Rangi zao si zile tunazoziona sokoni au mtoni. Nyuma yao hapakuwa na nafasi tupu: pote palijaa nukta na vistari vidogo vidogo, safu kwa safu, hata ungedhani hewa yenyewe na maji yenyewe vinapumua. Huoni hapo ziwa fulani wala mto fulani. Hata hivyo kila mtu aliyekulia karibu na maji angesema: "Naam, ndivyo yalivyo."

Padri akatusimulia habari ambazo tangu siku ile tumezitafuta zaidi, nasi twawaandikia kwa kifupi.

Pilipili alizaliwa mwaka 1914. Alikuwa mtu mzima, mwenye umri kama wetu wa leo, miaka thelathini na kitu, alipoanza kazi ile. Mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua mahali pa kuchorea katika mji wetu wa Lubumbashi, ambao siku zile uliitwa Elisabethville. Mahali pale paliitwa Hangar, maana yake banda. Humo waliingia vijana na watu wazima wa nchi hii, nao wakawa wachoraji. Desfossés hakuwawekea mbele sanamu za Ulaya waziige. Alitaka kila mmoja atoe picha katika kumbukumbu na fikira zake mwenyewe, wala asimwige jirani yake.

Na matunda yake yaonekana. Bela Sara, ambaye jina lake lakumbusha Wasara wa nchi ya Chad, hakushika brashi. Alitia vidole katika rangi, akachora kwa ncha za vidole, hata miti yake na watu wake ni alama za mkono wa mtu. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alipanga vistari vifupi vya rangi, kimoja karibu na kingine, kama msusi apangavyo ukindu wa mkeka. Pilipili naye alipata nukta zake. Banda lilikuwa moja na mwalimu alikuwa mmoja, lakini ukiziona picha zao hata kwa mbali, huwezi kumdhania mmoja kuwa mwingine. Tuliona haya kidogo tuliposikia hayo. Katika darasa letu, Jumamosi ile, watoto zaidi ya thelathini walikuwa wamechora samaki mmoja.

Desfossés alifariki mwaka 1954. Baada yake wachoraji wake waliendelea katika shule ya sanaa ambayo mchoraji Mbelgiji, Laurent Moonens, alikuwa ameianzisha mjini humo mwaka 1951. Pilipili alifundisha hapo. Aliishi zaidi ya miaka tisini, akafariki mwaka 2007. Miaka minane baadaye, mwaka 2015, picha za watu wa banda lile zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Tena katika maonyesho yale palikuwa kazi za mtu aliyewatangulia wote hao. Padri alipolitaja jina la mahali pake, tulishtuka, kwa maana yule mtoto wetu na mama yake walitoka huko huko: Bukama, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali, Georges Thiry, aliona huko picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba. Akamtafuta mchoraji, akamkuta Albert Lubaki, fundi wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Tuliposikia neno "kuta" tulimkumbuka mama yule na ukuta wake safi.

Lakini tusiwafanye watu hawa malaika. Wako wanaosema kwamba Desfossés alipenda mno picha za porini na majini, hata mji wenyewe, treni zake na mgodi wake havionekani sana katika kazi za banda lake. Bomba refu la kiwanda cha shaba lilitoa moshi juu ya vichwa vyao, nao walichora mamba. Twaona neno hilo lina haki. Mwalimu aweza kumfunga mtu kwa kumlazimisha kuiga. Aweza kumfunga pia kwa kupenda namna moja tu ya uhuru. Kwa hiyo hatusemi, "Watoto wote na wachore kama Pilipili." Tukisema hivyo tutakuwa tumetundika picha nyingine ukutani, basi.

Tulipoinuka kwenda zetu, padri alituita tena, akasema huku akicheka: "Na jambo jingine, Mwalimu. Baharini wako samaki warukao. Mapezi yao ni mapana kama mabawa, nao hutoka majini wakapaa juu ya mawimbi kitambo kizuri kabla ya kuanguka tena. Mungu aliwaumba bila kuuliza ukuta wako."

Usiku ule hatukulala upesi. Tulikumbuka mambo ya utoto wetu, tuliyokuwa tumeyasahau kabisa. Kijijini kwetu padri alikuwa akija kwa pikipiki mara moja kwa mwezi. Sisi tuliamini kwamba pikipiki ile ni mnyama, na kwamba usiku, watu wakilala, inakwenda mtoni kunywa maji. Tuliichora mchangani kwa kijiti: pikipiki yenye uso wa kiboko, yenye masikio, yenye mtoto wake mdogo anayeifuata nyuma. Dada yetu alikuwa akiileta mboga ili aipe kula. Mvua ikinyesha tuliichora upya, na kila mara ilikuwa imekua kidogo.

Kisha tukaenda seminari. Huko tulijifunza Kilatini, utaratibu, kutunza saa na kufikiri kwa mpango. Hatusemi ubaya juu ya hayo. Tunayala matunda yake mpaka leo, na ingawa Mungu hakutuita kwenye upadri, twamshukuru kwa miaka ile. Lakini mahali fulani njiani pikipiki yetu ilipotea. Hakuna aliyetunyang'anya. Tuliisalimisha wenyewe, kwa sababu tuliogopa kuchekwa. Basi tukafahamu ya kwamba kalamu nyekundu ile hatukuiokota Jumamosi ile. Tulikuwa nayo mfukoni tangu zamani, nasi tulikuwa tumejikata wenyewe kwanza kabla ya kumkata mtoto wa mwenzetu.

Siku ya pili, baada ya Misa ya asubuhi, tulikwenda nyumbani kwa mama yule. Alitupa kiti, akamwita mtoto. Tukamwomba msamaha. Si jambo jepesi kwa mtu mzima kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa, mama yake akisikiliza. Neno "lakini" lilitufika mdomoni mara mbili: lakini nawe ungalitazama ukutani, lakini nasi twalinda mafundisho. Tukalimeza mara zote mbili. Tukasema tu: "Tulikukosea. Tulikuchekesha mbele ya wenzako, wala hatukukuuliza kwanza."

Mtoto alitazama miguu yake. Mama yake akasema, "Jibu, Mwalimu anasema nawe." Sisi tukasema, "Mama, mwache." Tukakaa kimya kitambo. Kuku walipita mlangoni. Halafu tukamwuliza: "Mwanangu, utueleze samaki wako. Kwa nini ana mabawa?"

Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema samaki na ndege waliumbwa siku moja."

"Ndiyo, tulisema."

"Basi ni mapacha. Na mapacha wanaazimana nguo."

Tulinyamaza. Sisi tumesoma Kitabu cha Mwanzo mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kilatini. Tulijua kwamba siku ya tano ni ya samaki na ndege pamoja. Tulikuwa tukiwafundisha watoto hilo kila mwaka, nao hulijibu. Lakini sisi hatukusimama hata mara moja kulishangaa. Katika darasa zima, mtu mmoja tu alikuwa amelisikia neno lile kama neno jipya, na huyo ndiye tuliyemkata.

Tukauliza tena: "Na ile miti iliyoota kichwa chini?"

"Ni miti ya ukingoni, huko kwa babu, Bukama. Asubuhi ukiwa mtumbwini, maji yakiwa yametulia, ukitazama chini unaona miti inaota kwenda chini, na ndege wanaruka chini ya samaki. Babu aliniambia nisitie kasia kwanza, nitawavunja."

"Na maji mekundu?"

"Jua lilikuwa halijatoka lote."

Ndugu zangu, kila kitu tulichokiita uongo kilikuwa ushahidi. Mtoto yule alikuwa ameiona kazi ya siku ya tano kwa macho yake, alfajiri, katika mtumbwi wa babu yake. Mchoraji wa picha ile ya ukutani labda hakuiona kamwe.

Tukauliza neno la mwisho: "Na wale ndege watatu walio tumboni mwa samaki?"

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu majuma mengi. Akasema: "Ah, hao niliwazua tu."

Nasi tukacheka pamoja naye, na mama yake pia. Tukaona ya kwamba hao waliozuliwa tu nao wana haki ya kukaa. Si lazima kila kitu kipate maelezo ndipo kipewe ruhusa.

Labda msomaji mmoja atauliza: Je, Mwalimu, mtoto achore lolote apendalo katika mambo ya dini? Swali hili ni la haki, nasi twalijibu polepole.

Kanisa halikuogopa picha. Karibu na mwaka 600, Baba Mtakatifu Gregori Mkuu alimwonya askofu wa Marseille aliyekuwa amevunja picha kanisani, akamweleza ya kwamba picha humsaidia mtu asiyejua kusoma kama kitabu kimsaidiavyo asomaye. Mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nikea uliwatetea waliokuwa wakiziheshimu sanamu takatifu. Na mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua nzima, akiwaonyesha jinsi kazi yao inavyofanana kwa mbali na kazi ya Muumba. Hao wote hawakusema kwamba kila picha ni njema. Lakini walijua kwamba mtu huifikia kweli pia kwa njia ya macho, ya rangi na ya moyo.

Mwalimu wa dini ana ukweli wa kuulinda. Mtoto akichora Yezu anampiga maskini, tutamkalisha tuzungumze naye, maana hapo hakukosa rangi, amemkosa Yezu mwenyewe. Mtoto akisema kwamba miungu ni miwili, tutamwonyesha njia. Lakini samaki mwenye mabawa hapingani na neno lolote la imani. Anapinga mazoea yetu tu. Kosa letu lilikuwa hilo: tuliyachukua mazoea yetu, tukayavika kanzu ya imani, tukamtisha nayo mtoto.

Tena fikira za mtoto si uongo. Mwongo anataka usiione kweli. Mtoto anayechora anataka uione kweli aliyoiona yeye, na kwa kuwa maneno hayamtoshi, anachukua rangi. Yesemwa, samaki mkunje angali mbichi. Methali ni nzuri, nasi tumeitumia mara nyingi darasani. Lakini mvuvi ajua ya kwamba hata samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwororo. Ukimkunja kwa nguvu atapasuka, na nyama yake itamwagika motoni.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzetu, twawapa mashauri machache tuliyoyapata kwa hasara.

Kwanza, uliza kabla ya kusahihisha. Sema: "Nieleze." Neno hili moja lingalituokoa.

Pili, usimshike mtoto mkono umchoree. Picha itakuwa nzuri, lakini itakuwa yako, naye atajua.

Tatu, usimcheke mbele ya wenzake, wala usiwape wenzake ruhusa ya kumcheka. Kicheko kimoja hukaa miaka mingi. Sisi chetu kilikaa tangu mchangani.

Nne, mpe mahali pake. Kama ukuta wa nyumba wakusumbua, mpe ubao, au upande mmoja wa ukuta wa nyuma, au karatasi za saruji zilizopanguswa. Wala usiseme rangi ni ghali. Kalamu za dukani ni ghali, ndiyo. Lakini makaa yako jikoni, udongo mwekundu uko njiani, udongo mweupe uko kando ya mto, majani hutoa kijani yakisuguliwa, na katika nchi yetu ya shaba watoto huokota mawe ya kijani ambayo watu wa mbali huyanunua kwa fedha nyingi. Mungu ametuwekea sanduku la rangi chini ya miguu.

Tano, hifadhi picha moja au mbili. Andika nyuma jina la mtoto na mwaka. Twahifadhi kadi za ubatizo na karatasi za shule. Tuhifadhi pia siku mtoto alipoiona dunia kwa mara ya kwanza.

Wala usitazamie kwamba kila mtoto atakuwa Pilipili. Wengi watakuwa mafundi magari, wauguzi, wauzaji sokoni, mapadri na masista. Lakini fundi asiyeweza kuwaza kitu kisichokuwapo bado hataweza kutengeneza kilichovunjika. Na Mkristu asiyeweza kuwaza jambo asilolipata kuliona, atatumainije ufufuko?

Sasa twamaliza. Yule mtoto alipokea Komunyo ya kwanza siku ya Pasaka, akiwa amevaa shati jeupe lililomzidi kidogo. Amerudi kuuliza maswali. Jina la mbwa wa Tobia bado tunadaiwa. Kuhusu kuchora, kwa miezi miwili hakuchora mbele yetu, nasi hatukumhimiza. Hatukuwa na haki ya kudai upesi kitu tulichokivunja upesi.

Kisha Jumamosi moja, wenzake walipokwisha kutoka, alibaki nyuma, akatoa daftarini karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile ile. Mama yake aliikuta zamani kati ya takataka, akaificha chini ya godoro. Mto ulikuwa mwekundu bado, na samaki alikuwa na madoa yake. Mistari yetu miwili ilikuwapo pia, maana kalamu ile haifutiki. Lakini chini yake mtoto alikuwa amechora mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mzee mwenye kofia. Mstari mmoja mzee aliushika kwa mkono wa kulia, nao ulikuwa kasia. Wa pili aliushika kwa mkono wa kushoto, nao ulikuwa upondo.

Tukatazama muda mrefu. Tukamwuliza: "Mbona babu ameviinua vyote viwili juu? Hataki kwenda?"

Akatujibu: "Anangoja kwanza, Mwalimu. Asije akawavunja ndege."